Kiganja cha Mtoto Katika Ghala la Karanga

Siku niliyomwambia Meneja akae chini, jina langu lilikuwa limetoka kusomwa kati ya walioshinda. Nataka hilo lieleweke mapema, maana hapa Singida wapo wanaosimulia kwamba nilipiga kelele kwa sababu nilifukuzwa. Sikufukuzwa. Nilichaguliwa, na hilo ndilo lililonipandisha hasira.

Meneja alikuwa amepanda juu ya mizani ya magunia ili sote tumwone. Alisoma majina manane ya wanawake watakaobaki kwenye mashine mpya na kulipwa kima cha chini, yaani ule mshahara ambao serikali imesema mfanyakazi asilipwe chini yake. Langu lilikuwa la pili. Alipomaliza akakunja karatasi, akatunyooshea kidole sisi tuliokuwa na watoto.

"Watazameni hawa," akasema. "Wananyonyesha, wanabembeleza, na bado wamewashinda ninyi wenye mikono mitupu! Mama Msengi, wewe umekuwa wa mwisho. Wa mwisho kabisa. Nchi ya ujamaa haitaki kupe."

Mama Msengi ni mtu mzima, mtu wa Kinampanda, aliyeingia ghala lile kabla yetu sote. Aliinama akaanza kufunga ungo wake kwenye khanga. Nilimsubiri ajibu. Nilipoona amefunga fundo la kwanza, tena la pili, bila kusema kitu, nilimchomoa mwanangu Yona kwenye ziwa, nikasimama naye akilia, kifua kikiwa wazi vile vile.

"Bwana Meneja," nikasema, "kaa chini! Hujui unachokisema."

Ghala zima likanigeukia. Mkubwa haambiwi hivyo kwetu, hata akiwa mlevi. Bi Mwajuma, aliyekuwa akikaa mkono wangu wa kulia, akanivuta gauni. "Wewe Mama Raheli, utatuua," akanong'ona. Lakini mimi nilikuwa nimeshafika mbali.

Watu husubiri wazeeke, wapewe saa ya ukutani na mkono wa kwaheri, ndipo waandike kumbukumbu za kazi. Mimi nina mtoto mgongoni na meno yangu yote yako kinywani, ila kazi yangu imezeeka kabla yangu. Kuchambua karanga kwa mkono kumekwisha hapa mjini. Ninyi wadogo zangu mlio shuleni mtasikia tu kwamba kulikuwa na wanawake wanakaa chini wanachagua karanga, mtadhani ni upuuzi. Basi nawaambia ilivyokuwa.

Niliingia ghalani nikiwa na Raheli, mtoto wangu wa kwanza, mgongoni. Nilikuwa nimeishia kidato cha pili. Mimba haikusubiri mtihani, na shule haikusubiri mimba. Tukatoka Ulemo, mimi na Baba Raheli, tukaja mjini kwa sababu yeye ni mwashi na mji ulikuwa unajengwa. Nilidhani kwa Kiingereza changu nitapata meza ya ofisi. Nilizunguka ofisi zote za mji huu, kila mlango wanatazama mgongo wangu kabla ya kutazama cheti.

Mkuu wetu wa kwanza alikuwa Bwana Stoo, askari wa zamani, mrefu, mguu mmoja mzito. Alinitazama kutoka juu.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba. Umesoma?"

"Mpaka kidato cha pili, Bwana."

"Vizuri. Karanga zetu hazijui Kiingereza. Nenda kaa pale kwa Mama Msengi."

Wanawake wakacheka, na mimi nikakaa nikiwa nimenuna. Nikanuna kama robo saa hivi, mpaka nilipotazama mikono.

Sijui niwaeleze vipi. Tulikaa mistari miwili juu ya magunia matupu, tumetazamana, kila mmoja na ungo mapajani. Wakulima walileta karanga zilizokwisha kumenywa lakini chafu: kuna vumbi, maganda, mawe, zilizovunjika, zilizosinyaa, na zenye ukungu, ambazo ndizo mbaya kuliko zote maana moja inaharibu gunia. Kwanza unapepeta, yaani unarusha ungo upepo uchukue maganda. Kisha unachambua. Nzima na nene ni daraja la kwanza, hizo husafiri ng'ambo. Zilizovunjika ni daraja la pili, hizo huenda kukamuliwa mafuta. Nyingine ni makapi. Mikono ya wale wanawake ilifanya yote haya huku vinywa vikizungumza habari za harusi. Karanga zilianguka kwenye nyungo kama mvua ya kwanza inavyoanza kwenye bati, na mvua hiyo haikukatika mpaka jioni. Nilisahau kununa. Nilikaa nimeshika ungo wangu kama mtu aliyeingia kanisani katikati ya wimbo.

Malipo yalikuwa kwa debe. Madebe yetu yalipangwa ukutani, na kila ungo ukisafika unainuka kwenda kumimina kwenye lako. Jioni Bwana Stoo anapita, anazamisha mkono kwenye debe mpaka kiwiko, anachota za chini kabisa, anazitazama. Akikuta ukungu, debe zima unarudia.

Siku hiyo Raheli akalia njaa. Nikamtoa mgongoni, nikampa ziwa, nikaona ungo wangu umesimama na wenzangu wanaendelea. Nikaanza kuhesabu moyoni hasara ninayopata. Mara Mama Msengi akainuka na ungo wake. Hakwenda kwenye debe lake. Alikwenda kwenye langu kwanza, akaacha humo kiganja kimoja cha karanga safi, ndipo akapita kumimina kwake. Akainuka mwingine, akafanya hivyo hivyo. Na mwingine. Hakuna aliyenitazama.

"Mama," nikamwambia Mama Msengi, "mnakosea, hilo ni debe langu."

"Hatukosei. Mtoto ananyonya."

"Nitawalipa vipi?"

Bi Mwajuma ndiye aliyejibu. "Utalipa wakinyonya wengine. Ila huyu wako ana tumbo kama gunia, tutafilisika!"

Waliita desturi ile kiganja cha mtoto. Ilikuwepo kabla ya Uhuru na hakuna aliyeweza kuniambia nani aliianza. Maadamu mtoto yuko ziwani, kila anayekwenda kumimina anaanza na debe la mama yake. Mtoto akiachia ziwa, mama anarudi kwenye ungo na viganja vinakoma. Haikuwa sadaka, wala hakuna aliyeshukuru. Raheli alipoacha kunyonya, nami nikawa natoa, na baada ya muda mfupi sikujua tena kwamba natoa. Mkono ulikwenda wenyewe kama unavyokwenda kufukuza nzi. Bwana Stoo alijua. Aliona kila siku, akageukia upande mwingine na kukohoa.

Kisha nyakati zikaanza kugeuka. Redio ilizungumza kima cha chini, mikutano ilizungumza kima cha chini, hata wauza vitunguu sokoni walibishana juu yake. Tukajiuliza, je, sisi? Tukamwomba Meneja wa ushirika, uliokuwa na ghala lile, aje. Huyu alikuwa mgeni, kijana wa suti ya kaunda, msemaji mzuri.

"Mama zangu," akasema, "kima cha chini ni cha mfanyakazi. Ninyi si wafanyakazi. Ninyi mnatuuzia debe. Ukileta debe tunalipa, usipoleta hatukudai."

"Kumbe!" akasema Bi Mwajuma. "Na hapa sakafuni tangu asubuhi tumekuja kucheza bao?"

Kicheko kikapasua ghala. Meneja naye akacheka, lakini kwa mdomo tu. Nikasimama nikamuuliza kwa adabu: kama sisi ni wauzaji, mbona tukichelewa mlango unafungwa? Muuzaji gani anafungiwa mlango? Akasema atalipeleka suala hilo juu.

Nyumbani nilimsimulia Baba Raheli nikiwa nimejaa furaha. Yeye alikuwa anasugua chokaa kwenye kucha.

"Mtapata," akasema. "Ila wakishawaita wafanyakazi, watawahesabu. Wakiwahesabu watasema ninyi ni wengi."

"Wewe unapenda kutabiri mabaya."

"Mimi ni mwashi. Nimeona mashine ya kuchanganya zege."

Tulipata. Halmashauri ya ushirika ilikubali kwamba wachambuaji ni wafanyakazi na watalipwa kima cha chini. Tulipiga vigelegele mpaka walevi wa kilabu cha jirani wakatoka kuuliza nani anaolewa. Bwana Stoo akastaafu mwezi ule ule, akatuaga kwa kutupigia saluti, mstari mmoja kisha wa pili, na Mama Msengi akalia. Mahali pake akaja Msimamizi mpya kutoka mkoa mwingine, mtu wa kalamu tatu mfukoni.

Kabla ya mshahara hata mmoja wa kima cha chini, ikaja mashine.

Nitasema kweli, hata kama kweli hii hainisaidii. Sijapata kuona kitu kama kile. Ilishushwa vipande vipande kutoka kwenye lori, na fundi aliyekuja nayo aliiunga kwa siku kadhaa huku sisi tukichungulia. Siku ya kuiwasha, injini ya dizeli ilikohoa nje, mkanda ukavuta magurudumu, na sakafu ikatetemeka mpaka magoti. Karanga zilimiminwa juu kwenye mdomo wa bati. Feni ikapuliza, maganda na vumbi vikaruka vyote kwa bomba kwenda uani kama moshi wa moto mkubwa. Chekeche zikacheza, moja juu ya nyingine, zenye matundu makubwa na madogo. Mawe yakatoka huku, zilizovunjika kule, na zile nzima zikashuka polepole kwenye ukanda mrefu wa mpira, zinang'aa, nyekundu, kama zimeoshwa. Gunia lililotuchukua siku, lilikwisha wakati Yona bado ananyonya ziwa la kwanza. Yona mwenyewe, mtoto wa kulialia yule, aliachia ziwa, akageuza shingo, akaitazama mashine kinywa wazi, maziwa yanamtoka pembeni.

Mama Msengi alichota karanga kwenye ukanda, akazigeuza kiganjani.

"Safi," akasema. "Safi kuliko zangu."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetazama ng'ombe mzuri wa jirani.

Kitu kimoja tu mashine haikuweza: ukungu. Karanga yenye ukungu ina ukubwa ule ule na uzito karibu ule ule, na chekeche haina macho. Kwa hiyo fundi akasema wakae watu wanane kando ya ukanda, waokote zenye ukungu zikipita. Wanane wapate kima cha chini na ajira ya kudumu. Wengine, kwaheri.

Ili kuwapata hao wanane, Meneja aliamuru tupimwe juma zima. Tukae kama zamani, kila debe liandikwe jina kwa chaki, na jioni Msimamizi atoke ofisini apime. Aliye na karanga safi nyingi ndiye hodari. Hesabu nyepesi, nani aikatae?

Na sisi tukakaa, tukachambua. Juma lile Yona alikuwa anaota meno, amekuwa moto kama jiwe la jikoni, ziwa haliachi. Niliinama juu yake kuliko nilivyoinama juu ya ungo. Sikulitazama debe langu. Nilidhani nimeshindwa, nikaanza kufikiria kuuza vitumbua.

Sasa mmeshafahamu kilichotokea. Mikono ya wale wanawake haikujua kwamba inapimwa. Kila walipoinuka kumimina, walianza na madebe ya wenye watoto, kama jana, kama mwaka jana, kama enzi za mkoloni. Kati ya wanane waliosomwa, watano tulikuwa tunanyonyesha. Watatu wengine walikuwa wageni ambao hawajaizoea desturi. Na Mama Msengi, aliyeinuka mara nyingi kuliko wote kwa sababu alimaliza ungo upesi kuliko wote, ndiye aliyeacha viganja vingi kuliko wote. Kwa wepesi wake alishika mkia.

Hilo ndilo lililonipiga kichwani Meneja alipotamka lile neno kupe. Nilimweleza pale pale, nikipiga kelele, Yona naye akipiga zake. Meneja alinisikiliza kidogo, akashuka kwenye mizani.

"Mama, karatasi ni karatasi," akasema. "Kilichomo kwenye debe lako ni chako. Ungetaka nikufute?"

Nilimkimbilia Mama Msengi, ambaye alikuwa ameshavuka geti, anashika njia ya Ziwa Singidani, ungo kichwani.

"Mama, shikamoo. Simama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umemwacha mtoto kifua wazi kwenye upepo?"

"Mama, wengine mikono yao ilisahau. Na wewe ulisahau kwamba tunapimwa?"

Akatua ungo. Akanitazama kama ananihurumia.

"Sikusahau."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Lakini Yona alikuwa analia."

Upepo wa Singidani ulikuwa unavuma, na nilishindwa hata kumfunika mtoto. Nimesoma, nimehubiriwa Jumapili nyingi, nimehudhuria mikutano ya ujamaa ambapo watu walisema mpaka jua likazama. Sikuwahi kusikia jambo kubwa kama lile likisemwa kwa sauti ndogo vile. Mashine ilinistaajabisha, nimekiri. Lakini haikunistaajabisha kama mama yule pale njiani.

Akacheka kidogo kunipoza. "Tena wewe ungepata nini mwenyewe? Mikono yako mizito, mpaka leo unashika karanga kama kalamu."

Usiku nilimwambia Baba Raheli kwamba nitakwenda kwa Ofisa Kazi. Aliweka kijiko chini.

"Kwenda kusema nini?"

"Kwamba nafasi ile si yangu."

"Umelogwa? Nyumba ni ya kupanga, mtoto ana homa, mimi msimu wa mvua sijengi. Mungu amekupa, unataka kuitapika?"

"Hajanipa Mungu. Amenipa Mama Msengi, na yeye ameitwa kupe."

Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Asubuhi hakuniaga, lakini nilikuta ameshanijazia ndoo ya maji na kumfunga Raheli viatu.

Karani wa Ofisi ya Kazi alikuwa kijana mwenye haraka. "Dada, unalalamika umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa. Nimechaguliwa."

"Basi mlalamikaji yuko wapi?"

"Ni mimi."

Akaweka kalamu chini. "Dada, mlalamikaji ni aliyeonewa."

"Andika kwamba nimeonewa," nikamwambia. "Nimepewa kazi ya mtu mbele ya macho yake, nikasifiwa."

Alikwenda ndani, akatoka na Ofisa Kazi mwenyewe, mtu mzima mwenye miwani. Nikamwamkia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akanipa karatasi na kiti. Akasema niandike mwenyewe kwa mkono wangu, kwa sababu yeye akiliandika jambo hili, wakubwa wake watadhani amelitunga. Niliandika Yona akiwa ziwani. Niliyoandika ni haya:

"Kwa Ofisa Kazi, Singida.

Mimi ni mchambuaji wa karanga, mama wa watoto wawili. Nalalamika dhidi ya matokeo ya upimaji uliofanyika ghalani, ambayo yameniweka kati ya watu hodari.

Mizani haikukosea. Ilipima karanga zilizokuwemo kwenye debe langu, lakini nyingi kati ya hizo zilichambuliwa na wenzangu nikiwa nanyonyesha, kwa desturi yetu tuiitayo kiganja cha mtoto. Aliyenipa nyingi zaidi ndiye aliyeandikwa wa mwisho.

Sina ugomvi na mashine. Inafanya kazi nzuri, na nimefurahi kuiona katika nchi yetu. Sina ugomvi na kima cha chini, tulikiomba wenyewe. Nagomba kwa sababu tumepimwa mmoja mmoja kwa kazi ambayo hatujapata kuifanya mmoja mmoja.

Naomba matokeo yafutwe, na jina langu liwe la kwanza kufutwa. Kama ni lazima wabaki wanane, waulizwe wachambuaji wote, wataje wenyewe. Wao wanajua ni mikono ya nani iliyojaza debe la nani.

Mwisho, naomba neno kupe alilopewa Mama Msengi liondolewe na yeye aliyelitamka. Aliondoe pale pale ghalani, mbele ya wote, na mashine izimwe kwanza ili kila mtu asikie.

Ni mimi, Mama Raheli."